Kabla ya kununua mabasi, tufungulieni njia za ndani

Mvua ya nusu saa inatosha kuusimamisha mji wa Bukavu. Si lazima iwe mvua ya kubomoa nyumba. Lori moja likikwama kwenye matope pale Essence, au likizimika kwenye mlima karibu na Bralima, siku ya watu imeharibika: mfanyakazi anayetoka Panzi hafiki kazini, mwanafunzi wa Bagira anakuta mtihani umeshaanza, mama aliyenunua sambaza pale Muhanzi anaziona zinaanza kunuka kabla hazijafika Kadutu. Watu wanashuka katika taksi, wanakunja suruali, wanapandisha vikwembe, wanaenda kwa miguu. Dereva anabaki nyuma amezima mota. Kwa nini asipite njia nyingine? Kwa sababu haiko.

Wabunge wa jimbo la Kivu Kusini wako katika kikao cha Septemba, kile cha bajeti, kinachofungwa kabla mwaka huu wa 2024 haujaisha. Kila bajeti inapojadiliwa, neno «mabasi» linarudi, na kila linaporudi watu wanapiga makofi. Sisi hatupingi mabasi, na tutayazungumzia hapa chini. Lakini tunawaomba waheshimiwa waanze mahali pasipopigiwa makofi: njia za ndani ya kartiye, zile za mawe na kanivo zilizojaa taka, ambazo zingeipa pumzi barabara kubwa. Basi jipya likiwekwa juu ya barabara moja iliyoziba litasimama tu na wengine.

Angalieni namna mji ulivyokaa. Bukavu iko kusini mwa ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na rasi zake tano zinaingia majini kama vidole vya mkono. Mashariki kuna mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Rwanda. Magharibi na kusini milima inapanda mara moja. Wabelgiji walioupanga mji huu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, walijiwekea rasi zenye upepo wa ziwa na kuwapa Waafrika Kadutu juu ya mlima. Baadaye, katika miaka hiyo ya 1950, Office des Cités Africaines ikajenga Bagira, mbali kidogo, upande wa kaskazini. Mpango wenyewe ulikuwa wa kutenganisha watu. Barabara ilitakiwa kumleta mfanyakazi mjini asubuhi na kumrudisha jioni, basi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu wa Bagira angetaka kwenda Panzi, mtu wa Panzi aende Kasha, na wote wawe na haraka saa moja ya asubuhi.

Barabara ya Patrice Emery Lumumba ndiyo uti wa mgongo wa mpango huo hadi leo. Upande mmoja, kupitia Place de l'Indépendance na Bralima, unaelekea Bagira na barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Kavumu na Goma. Upande mwingine magari yanapanda kuelekea Essence, Panzi, kisha Nyantende na Walungu. Ofisi za jimbo, mabenki, soko la Nyawera, shule kubwa, bandari, njia ya kushuka mpaka wa Ruzizi I: vyote vimeshikamana na uzi huo mmoja. Tuna mahali panapoitwa Feu rouge, na kila mgeni anayefika anauliza taa iko wapi.

Leo mji unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Hawakuja wote kwa kutafuta kazi. Tangu miaka ya 1990 vita vimewasukuma watu wa Shabunda, Mwenga, Walungu, Kalehe na Kabare kuingia mjini, kwa sababu mjini angalau usiku kuna jirani wa kuitika mtu akipiga kelele. Wamejenga Cimpunda, wamejenga Panzi, wamejenga Kasha, wamejenga kwenye mteremko na juu ya mteremko. Wenye uwezo kidogo sasa wanatoka nje kabisa ya mipaka ya mji: Mudaka, Miti, hadi karibu na uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji. Upande wa kusini ni vilevile kuelekea Nyantende. Vyuo vikuu navyo vinatafuta nafasi upande huo huo wa nje. Bukavu imeanza kuwa mji wa watu wanaolala mbali na wanapofanyia kazi, na hakuna mtu aliyeongeza barabara. Wale wapya wa Mudaka wanaingia kwa mlango uleule wa Bagira na Bralima, wanakutana na wale wa zamani, na wote wanasukumana mbele ya Place de l'Indépendance.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Barabara nyingi za Bukavu hazikuharibika, ziliuzwa. Ziliuzwa zikiwa bado mstari kwenye karatasi, kabla hazijapata jiwe hata moja. Anayenunua parseli pembeni ya mji anaonyeshwa vijiti vinne, anapewa karatasi yenye mihuri, anaanza kujenga. Miaka miwili baadaye jirani yake naye anajenga, na ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya avenyu ya mita kadhaa imekuwa kichochoro cha kupita mtu mmoja na ndoo yake. Ukiuliza nani alitoa karatasi hiyo, ofisi ya ardhi inaonyesha komini, komini inaonyesha shefu wa kijiji, shefu anasema yeye ni babu zake walioacha udongo. Kila mmoja alipata chake. Mwenye nyumba ndiye anayebaki na hasara siku ile Leta inapokuja na rangi nyekundu kuandika alama ya kubomoa kwenye ukuta. Na mara nyingi haibomoi, inaandika tu, kisha watu wanazungumza.

Gharama ya jambo hilo inaonekana siku ya moto. Kila mwaka, hasa wakati wa kiangazi, moto unakula nyumba za mbao katika kartiye zilizosongamana za Kadutu na Ibanda. Nyamugo imeungua mara nyingi kiasi kwamba watu hawahesabu tena kwa tarehe, wanasema «moto wa kwanza», «moto ule wa pili», «moto wa karibu na kanisa». Na kila mara hadithi ni ileile: gari la kuzima moto linafika kwenye lami, linasimama, halina pa kuingilia. Vijana wanapanga mstari na kupitisha ndoo. Tunalaumu gari kwamba limechelewa, tunalaumu maji kwamba ni machache. Lakini hata tungekuwa na magari kumi, yangesimama yote kumi kwenye lami.

Ndivyo ilivyo pia kwa mama mwenye uchungu wa kujifungua akiwa juu ya Cimpunda saa nne ya usiku. Taksi haipandi huko. Motari, ambaye angepanda, mara kadhaa amekatazwa na viongozi wa mji kufanya kazi usiku kwa sababu za usalama. Tunaelewa sababu hizo. Wizi wa kutumia moto tunaujua. Lakini aliyeandika amri hiyo ana gari lake uani. Mama yule ana mabega ya majirani na kipoyi cha blanketi na miti miwili, na wale majirani wanashuka wakitafuta kwa miguu mahali pa kukanyaga, kwa mwanga wa simu. Bukavu ina hospitali ya Panzi, ya daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ambayo wagonjwa wanaitafuta kutoka mbali sana. Kwa baadhi ya wakaaji wa mji huu wenyewe, sehemu ngumu ya safari ni mita mia tano za kwanza.

Tunapodai njia za ndani, basi, hatudai lami kila mahali. Lami bila kanivo hapa kwetu haimalizi misimu miwili ya mvua. Maji ya Bukavu hayatulii. Yanatoka juu Kadutu yakiwa na nguvu, yanabeba udongo, chupa za plastiki na mawe, na yanatafuta ziwa. Yakikosa mfereji yanachukua barabara. Asubuhi unakuta Lumumba imefunikwa na mchanga wa Kadutu, na mafundi wa Office des Voiries et Drainage wanachota kwa pauro kile kilichoshuka usiku. Wiki ijayo watachota tena.

Na si mchanga tu. Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Nature Geoscience lilitoa utafiti juu ya mteremko wa Funu, hapa hapa Kadutu, ambako makumi ya maelfu ya watu wanaishi juu ya ardhi inayosogea polepole. Watafiti walifuatilia mwendo wa udongo huo kwa kipindi cha miaka karibu 70, wakaeleza kwamba kukua kwa mji juu ya mteremko kumechangia kuongeza kasi yake, hasa kwa namna maji ya mvua yanavyopita na kuzama. Mkaaji wa Funu hakuhitaji jarida kumwambia. Anaona ufa wa ukuta unavyopanuka. Ila utafiti huo unapaswa kuwa mezani kwa kila anayechora barabara Kadutu. Huko mfereji wa maji ndio barabara yenyewe, lami ni kifuniko chake. Anayeanza na kifuniko anatupa feza.

Tuje kwenye usafiri. Bukavu haina usafiri wa umma. Ina watu binafsi wenye magari na watu wasio na magari, na wanapatana kila asubuhi kwa kupiga kelele. Taksi ya kawaida inachukua wanne nyuma na wawili mbele, huyo wa pili wa mbele akiwa amekaa nusu juu ya breki ya mkono. Taksi-basi zinajaza hadi konvoyeri ananing'inia nje ya mlango. Motari anabeba wawili, pengine watatu pamoja na mtoto, pengine na gunia la makala.

Magari haya mengi yana usukani upande wa kulia. Yametengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu wanaendesha kushoto, nasi tunaendesha kulia. Dereva anajua kuzoea, hilo si shida yake. Shida ni mlango. Mlango wa Hiace ya aina hiyo unafunguka upande wa kushoto, maana yake kwetu unafunguka katikati ya barabara. Kila abiria anayeshuka Nyawera au Essence anashukia mahali motari wanapopita. Mtoto wa shule anaruka chini na mfuko wake mgongoni, haoni kinachokuja nyuma ya gari. Mara ngapi tumesikia breki kisha kelele? Kinshasa imeshakataza magari ya usukani wa kulia zaidi ya mara moja, na yanaendelea kuingia, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu ambayo mtu wa Bukavu anaweza kununua. Kuyafuta kwa amri hakuwezekani leo. Kuweka mahali pa kusimama ambapo gari linatoka kabisa barabarani, abiria akashukia juu ya udongo mgumu, kunawezekana kesho asubuhi kwa kazi ya siku chache na lori la mawe.

Kuna desturi nyingine ambayo wakaaji wanaijua kwa uchungu. Jioni, watu wakiwa wengi, dereva anayetoka katikati ya mji kwenda Panzi anatangaza Essence tu. Ukifika Essence unashuka, unalipa, unatafuta mwingine wa kukufikisha, unalipa tena. Kinshasa wanaita demi-terrain. Hasira yote inamwangukia dereva, na ndiyo, anaistahili kwa kiasi. Lakini hebu tuhesabu pamoja naye. Gari si lake. Kila jioni analeta vershema kwa mwenye gari, iwe mvua iwe jua. Kabla ya kufika huko amelipa parkini, amelipa vijana wa chama, amenunua mafuta, na rulaji amemsimamisha mara mbili, mara ya kwanza kwa karatasi aliyonayo, mara ya pili kwa karatasi ambayo hakuna aliyemwambia kwamba inahitajika. Saa nzima amekaa ndani ya ambutelaji akichoma mafuta bila kwenda popote. Kukata safari ndiyo njia aliyobakiwa nayo ya kufikisha hesabu. Ukifungua barabara, ukafuta vituo vya rushwa, ukabandika bei kwenye kila kituo kwa maandishi makubwa, hapo utakuwa na haki ya kumpeleka mbele ya sheria. Leo meya akitangaza bei mpya kwenye redio, bei hiyo haifiki hata jioni, na kila mtu anajua.

Wanawake ndio wanaolipa zaidi, kwa njia mbili. Wanalipa nauli mara mbili wakiwa na mzigo, maana mzigo nao unahesabiwa kuwa mtu. Wasioweza wanakuwa wao wenyewe gari: wale mama wabebaji tunaowaona wakipanda kutoka Muhanzi kwenda Kadutu, kamba kwenye paji la uso, mgongo umeinama. Tumewazoea mno kiasi kwamba tunawahesabu kama sehemu ya mandhari ya mji. Uchumi wa soko la Kadutu unapita juu ya migongo hiyo kwa sababu gari haliwezi kupita, au likipita linaomba zaidi ya faida ya bidhaa. Njia ya mawe iliyopangwa vizuri, yenye ngazi pale ambapo mlima ni mkali, ingewapunguzia hao zaidi kuliko basi lolote. Na kwa nini ngazi? Kwa sababu wengi wa wakaaji wa Bukavu wanatembea kwa miguu, na katika mipango yote ya barabara mtembea kwa miguu ndiye asiyetajwa. Njia zake za kando kwenye Lumumba zimechukuliwa na masoko yale tunayoyaita pirata. Polisi wanawafukuza wachuuzi asubuhi, jioni wanarudi, maana ndipo wateja wanapopita na soko la ndani limejaa. Hatutawalaumu kwa kutafuta ugali wa watoto. Lakini barabara moja haiwezi kuwa soko, parkini, kituo cha taksi, njia ya watoto wa shule na njia ya malori ya kwenda Goma kwa wakati mmoja.

Sasa mabasi. Kuna mstari mmoja tu Bukavu ambapo basi kubwa lina maana: Panzi hadi Bagira, kupitia Lumumba, na labda siku moja hadi Mudaka na Kavumu. Basi la viti 50 linachukua watu wa taksi kumi zenye abiria watano watano, na halichukui nafasi ya taksi kumi. Hilo ni hesabu ya shule ya msingi na hatulikatai. Ila basi la namna hiyo linahitaji lami isiyo na mashimo, vituo vya kuingilia pembeni, na gereji yenye vipuri. Kinshasa ilizindua kampuni ya Transco mwaka 2013 kwa sherehe kubwa. Wakaaji waliyapenda mabasi yake kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, kisha barabara mbovu na ukosefu wa vipuri vikayalaza mengi gereji. Dar es Salaam, mwaka 2016, ilianza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, lakini ilikuwa na barabara ya Morogoro, pana, ambayo ilipanuliwa zaidi ili basi lipate njia yake peke yake. Sisi Lumumba tutaipanua wapi? Chini ni ziwa na nyumba za watu, juu ni mlima na nyumba za watu.

Tunajua kuitaja Kigali katika ukurasa huu, mwaka huu, si jambo jepesi, na msomaji ana haki ya kukunja uso. Lakini ni mji wa milima kama wetu, na kuna jambo moja walilofanya mwaka 2013 ambalo halihitaji urafiki wa kisiasa kulisoma: waliugawa mji katika maeneo na kutoa mikataba kwa kampuni chache, kila moja na njia zake zinazojulikana. Foleni hazikwisha, na kwa miaka kadhaa watu waliendelea kulalamika kwamba mabasi hayatoshi. Ila mtu anajua nani anawajibika kwa njia ipi. Bukavu, gari lisipokuja Kasha, unamlalamikia nani?

Kukosa njia ya pili hakuishii kwenye mipaka ya mji. Barabara ya taifa namba 2 ndiyo inayotuunganisha na Goma kupitia Kalehe, Minova na Sake. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua mamia ya watu na kuikata. Mwaka huu vita vimeifunga upande wa Sake. Nini kilifuata? Watu na mizigo wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, lililotoka Minova, lilizama karibu na bandari ya Kituku mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisubiri ndugu zao. Idadi za waliokufa zilizotolewa na viongozi zilitofautiana, na zote zilikuwa kubwa mno. Tulisikia mengi juu ya mzigo kupita kiasi na ukosefu wa jaketi za kuokolea, na yote yalikuwa kweli. Lakini wengi wa abiria wale wangekuwa ndani ya gari kama gari lingekuwa na pa kupita.

Kusini ni aibu ya aina nyingine. Kwenda Uvira, mji wa jimbo letu wenyewe, wasafiri wengi wanavuka Ruzizi, wanapita ndani ya Rwanda hadi Bugarama, wanarudi Kongo pale Kamanyola. Barabara ya taifa namba 5 ipo, inapita Nyangezi na milima ya Ngomo, na wenye malori wanaoijua wanaiogopa. Mkongomani anagonga muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia ili afike wilaya nyingine ya jimbo lake. Mpaka ukifungwa, Uvira inakuwa mbali kama Kinshasa.

Tutaambiwa hakuna pesa. Hapo tunaomba tuonyeshwe hesabu kwanza. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulianzishwa kwa sheria mwaka 2008 ukiwa na vyanzo vyake: sehemu ya bei ya kila lita ya mafuta ya gari, na peaji. Kila dereva wa Bukavu anayejaza tangi analipia barabara, ajue asijue. Kila lori linalopita kwenye kizuizi cha peaji linalipa. Juu ya hayo kuna kodi za jimbo, za mji, za komini, na zile zisizo na jina zinazolipwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Pesa hizo ni kiasi gani kwa mwaka katika Kivu Kusini, na ngapi zilirudi kuwa mawe na saruji? Mkaaji hajawahi kubandikiwa jibu ukutani. Na ana sababu ya kuuliza: kazi za barabara zilizomo katika programu ya siku 100 ya mwaka 2019 ziliishia kwa viongozi wa mashirika ya barabara ya Leta kufikishwa mahakamani Kinshasa mwaka 2020. Wakati huohuo vijana wa kartiye wanajaza mashimo kwa mawe na kuomba franka mia tano kwa kila gari linalopita. Wengine wanawaita wavivu. Kwenye avenyu nyingi hao ndio idara pekee ya barabara tuliyoiona mwaka mzima.

Tunachowaomba waheshimiwa ni kidogo na kinapimika. Bajeti ya 2025 itaje kwa majina njia za ndani zitakazofunguliwa, ikianza na zile za juu zinazoweza kuunganisha Kadutu na Panzi, na Kadutu na Bagira, bila gari kulazimika kushuka hadi Lumumba. Leo mtu wa Cimpunda mwenye miguu anajua kukata milima hadi Panzi. Mwenye gari mara nyingi hana budi kushuka mjini, apange mstari na wengine, kisha apande tena. Kila njia iandikwe na urefu wake, mfereji wake, na shirika litakalowajibika. Vijana wa kartiye waajiriwe kuzijenga kwa mawe, maana mawe tunayo na mikono tunayo. Kwenye barabara kubwa, vituo vichache vya kushushia abiria vitolewe nje ya lami, Nyawera, Essence na Place de l'Indépendance vikiwa vya kwanza, na bei ya kila safari ibandikwe hapo. Hesabu za peaji zitangazwe kila baada ya miezi mitatu.

Na kati ya Bagira na Kavumu, ambako mji wa kesho unajengwa hivi sasa tunapoandika, iwekwe mipaka ya barabara kabla parseli hazijaisha: nguzo za saruji zinazoonekana, si vijiti vinavyong'olewa usiku. Anayetoa karatasi ya kiwanja ndani ya nguzo hizo aijibu kwa jina lake. Nguzo hazigharimu hata basi moja. Kila mwezi unaopita bila nguzo, mstari mwingine wa nyumba unasogea mbele, na fidia ya kuibomoa itatoka katika bajeti hii hii, miaka kumi ijayo, kama itatoka.

Bajeti itakapopigiwa kura, tutachapisha katika ukurasa huu mistari yake yote inayohusu barabara na usafiri wa Bukavu, pamoja na majina ya avenyu, kama yatakuwemo.